Mwizi wa chungu na mwizi wa kiloba: namna ya kulinda bustani ya nyuma ya nyumba



Katika mikutano yetu ya Kabare, Walungu na Kalehe, tunaanzaka na mbegu, mbolea na bei ya soko. Lakini mbele mukutano ufungwe, kuna mutu atanyoosha mukono na kuuliza swali lile lile: "Mutufundishe basi namna ya kuzuia wezi. Mulitufundisha kulima vizuri, tukalima vizuri, na sasa wengine ndio wanavuna." Watu wanacheka. Kiisha wananyamaza, juu kila mumoja iko na habari yake: shu zilizokatwa zote usiku mumoja, mukungu wa ndizi ulioondoka siku ya matanga, mustari wa karoti uliochimbwa wakati watu wako kanisani.

Swali hilo ni la kilimo kabisa. Hasara ya wizi si kile tu kilichobebwa. Mukulima aliyeibiwa mara mbili anaanza kuvuna mbele ya wakati. Anangoa muhogo ungali mudogo. Anakata ndizi hazijajaa. Anachimba viazi wakati ngozi yao ingali laini, na viazi hivyo haviwezi kukaa siku nyingi nyumbani. Anakula kidogo, anauza kwa bei ya chini, na musimu unaofuata anaacha kupanda nyuma ya nyumba. Kwa hiyo mwizi anaweza kukuibia hata usiku ule hakuja.

Sisi wataalamu wa kilimo hatuna dawa ya kumaliza wizi. Lakini kwa kutembelea bustani mingi tumeona kama zile zinazoibiwa kidogo si zile zenye miiba mikali zaidi. Ni zile zinazoonekana, zinazovunwa kwa wakati, na ambazo majirani wanazihesabu kuwa kitu cha kulinda pamoja. Tuangalie namna ya kufika pale.

Kwanza, soma alama

Asubuhi unakuta hasara, usianze kupiga kelele na kutaja jina la mutu. Chutama, uangalie udongo na mimea.

Kama majani yamepasuka vibaya, mengine yamebaki nusu, na kuna mavi madogo ya mviringo, mwizi wako ni mbuzi. Kama udongo umekwaruzwa na miche midogo imetupwa pembeni, ni kuku. Wezi wengi tunaoambiwa habari zao wana miguu mine ao mabawa. Hao wanazuiwa kwa kamba, kwa kibanda na kwa kupatana na jirani, hawazuiwe kwa zamu ya usiku.

Kama shina limekatwa na kisu, ni mutu. Hapo tunatofautisha wezi wa namna mbili.

Mwizi wa chungu anachukua kitu cha kupika leo. Konzi moja ya lengalenga, majani ya sombe, mizizi miwili ya muhogo iliyochimbwa upande mumoja, kiisha udongo ukarudishwa. Anapita jioni ao alfajiri. Anajua saa yako ya kwenda shamba na saa yako ya kurudi. Mara mingi ni mutu wa karibu, na mara mingi ni mutoto aliyetumwa ao mwenye njaa.

Mwizi wa kiloba anachukua kitu cha kuuza. Mustari mzima unaondoka usiku mumoja. Anachagua kilichokomaa, anaacha kidogo. Anakuja usiku wa mvua kubwa, juu mvua inafunika sauti na inafuta nyayo, ao siku ya matanga, wakati lupango zote ziko tupu. Hali yako. Mali yako inaenda sokoni.

Musichanganye hawa wawili. Mwizi wa chungu ukimutendea kama mwizi wa kiloba, unapata uadui katika kijiji na wizi haumaliziki. Mwizi wa kiloba naye ukimuhurumia kama mwenye njaa, kesho anarudi na viloba viwili.

Mwenye kupita si mwizi

Watu wengi wanaoingia katika lupango yako wanatafuta njia ya mukato tu: ya kwenda kwenye maji, kwenye masomo, kwenye barabara. Lakini njia yao ndiyo mwizi ataifuata usiku, na miguu yao inakanyaga vitalu.

Ukifunga njia ya zamani kwa miiba bila kusema na watu, watavunja miiba. Vizuri zaidi uwape njia nyingine. Acha nafasi ya metre moja kwenye mupaka wa lupango, ulimie majani yake, uweke mawe mahali pa matope. Kiisha ufunge ile ya katikati. Watu wanapenda njia kavu kuliko njia fupi yenye matope. Na mutu anayepita kwenye mupaka muchana kutwa anakuwa muchungaji wako bila kulipwa: anaona nani iko ndani ya bustani.

Lupango ya miti yenye uhai

Waya ni ya bei kali na yenyewe inaibwa. Lupango ya miti inafaa zaidi, kama inapandwa kwa hesabu.

Tuchukue bustani ya metre 10 kwa 5. Kuizunguka ni metre 30. Toa metre moja ya mulango, inabaki 29. Ukipanda kijiti kila santimetre 25, ni vijiti 4 kwa metre, ni kusema 116 kwa mustari mumoja. Panda mistari miwili, vijiti vya mustari wa pili vikae katikati ya vile vya kwanza: 232. Ongeza sehemu moja juu ya kumi kwa vile vitakavyokufa, unafika karibu 255. Kazi ya siku moja kwa watu watatu ao wane, kama vijiti viko tayari.

Miti gani? Mubirizi unashika vizuri kwa vijiti. Mukonge unafaa upande wa njia, juu ya ncha zake. Mananasi, yakipandwa karibu-karibu chini ya miti, yanazuia miguu na yanakupa matunda. Miyenzi, ule muti wa maziwa, unashika haraka na mifugo haiukule, lakini maziwa yake yanachoma macho vibaya: usiupande mahali watoto wanachezea, na ukiukata, geuza uso na unawe mikono. Matete ao tithonia zinaweza kujaza nafasi: matete ni chakula cha mbuzi na kobayi, na majani ya tithonia ni mbolea ya kijani nzuri sana.

Panda mwanzo wa mvua, mwezi wa 9, ili miti ishike mizizi mbele ya kiangazi cha mwezi wa 6. Mwaka wa kwanza lupango ingali zaifu. Saidia kwa matete makavu yaliyofungwa kwa kamba.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi wanafanya kinyume: wanaacha lupango ipande mupaka juu ya kichwa. Lupango ya juu inamuficha mwizi. Akiisha kuingia, anaweza kuchimba kwa amani mupaka asubuhi. Kata miti ibaki kwenye kifua. Lupango izuie miguu, isizuie macho.

Panga bustani kwa akili

Karibu na mulango wa jikoni, mahali pako unapofungua macho asubuhi, panda kile cha bei: tomati, shu, karoti, pilipili. Pembeni ya njia, panda kile kisichomuvuta mwizi wa kiloba. Viazi vitamu vinasaidia, juu vinajificha chini na unaweza kuvivuna kidogo-kidogo.

Panda kwa zamu. Mukulima anayepanda shu mia moja siku moja anaziivisha siku moja, na kijiji kizima kinajua siku hiyo. Ukipanda ishirini kila wiki mbili, hakuna usiku hata mumoja mwizi atajaza kiloba. Jamaa nayo inakula mboga kwa muda murefu. Lengalenga inaanza kukatwa baada ya wiki 3 ao 4. Kata, iache ichipuke, kata tena.

Vuna kwa wakati. Tomati ikianza kubadilika rangi, inaweza kumalizia kuiva ndani ya nyumba. Mukungu wa ndizi ukijaa, ukate, uiivishe ndani. Maharagi, wakati maganda yamekuwa manjano na yanaanza kukauka, yangoe na uyamalizie kwenye hema mbele ya nyumba. Mahindi yaliyokomaa yasibaki kukauka kwenye shina kwa wiki tatu: yakaushe nyumbani. Kuvuna kwa wakati si sawa na kuvuna kwa woga. Anayevuna kwa woga anapoteza uzito. Anayevuna kwa wakati anamupokonya mwizi siku zake.

Wengine wanapanda muhogo muchungu juu ya wezi, na wana sababu. Huko Malawi, watafiti walipouliza wanawake wakulima kwa nini wanapenda muhogo muchungu, wizi ulikuwa moja ya majibu: mwizi hawezi kuutafuna njiani, na kuutengeneza kunaomba siku mingi na jasho. Lakini tuseme wazi. Muhogo huo uko na sumu, na unapashwa kulowekwa siku 3 ao zaidi mupaka ulainike, kiisha ukaushwe vizuri kwenye jua. Katika nchi yetu, eneo la Kwango linajua ugonjwa wa konzo, unaolemaza miguu ya watoto na wamama gafula na haupone. Unakuja mahali watu wanakula muhogo muchungu uliolowekwa haraka-haraka, bila maharagi, samaki ao nyama pembeni. Kwa hiyo: kama nyumba yako haina maji ya kutosha ao haina subira ya siku tatu, usiupande. Na usiupande katika mustari mumoja na muhogo mutamu, juu mutoto hawezi kuutofautisha.

Macho ya watu

Kwa mwizi wa chungu, dawa iko katika ujirani. Wizi wa namna hii unapanda wakati gala ni tupu na mavuno hayajaiva: kuanzia mwezi wa 10 mupaka wa 12, na tena mwezi wa 4 na wa 5. Koperative yenye pepinieri inaweza kugawa miche inayobaki kwa nyumba zisizo memba. Mutu mwenye vitalu vyake viwili vya lengalenga hana haja na vyako, na yeye pia sasa iko na kitu cha kulinda. Wamama wengine wanapanda mustari mumoja wa lengalenga inje ya lupango na kuwaambia majirani: "Huu ni wa kuomba. Ndani ni kwa ruhusa." Ni mbegu ya franka chache, na inafundisha tofauti kati ya kuomba na kuiba.

Kwa mwizi wa kiloba, dawa iko sokoni. Yeye anaiba juu kuna mahali pa kuuza. Koperative ifanye mambo matatu:

1. Kila memba aandikishe bustani yake: ukubwa, mimea, mwezi wa kuvuna. Daftari moja inatosha.

2. Kituo cha koperative kisinunue mazao ya mutu asiyejulikana, wala ya memba anayeleta viloba vitano wakati bustani yake inaweza kutoa kimoja.

3. Mujumbe mumoja azungumuze na komite ya soko, ili mutu anayeleta alfajiri ndizi ambazo hazijajaa ao muhogo mudogo aulizwe: "Shamba lako liko wapi?" Swali hilo moja, likiulizwa kila siku, linafunga mulango kuliko kufuli.

Kuhusu zamu ya usiku: ipangwe na nyumba kumi, chifu ajue, watu waende wawili-wawili na filimbi, bila panga. Filimbi inaamsha nyumba ishirini. Panga linaleta kesi. Siku ya matanga ao ya misa kubwa, nyumba mbili zibaki. Mbwa mudogo anayebweka anatosha.

Na mahali ambapo watu wa silaha wanatembea usiku, hakuna zamu. Fungeni mulango, mubaki ndani. Shu inapandwa tena. Mutu hapandwe tena. Katika maeneo kama hayo, nguvu yote muiweke kwenye kupanda kwa zamu na kuvuna kwa wakati.

Mambo ambayo tunakataa

Tunasikia watu wakisema: "Sisi tutapulizia dawa ya wadudu juu ya mboga, mwizi akule, ajue." Wandugu, mwizi wa kiloba hakule shu yako. Anaiuza. Anayeikula ni mutoto wa mama aliyeinunua sokoni, na anaweza kuwa mutoto wa dada yako. Mwizi wa chungu naye anaipeleka kwenye chungu chenye watoto sita kandokando. Kutia sumu kwenye chakula ni kutaka kuua watu, na sheria itakuhesabu hivyo.

Hata bango la uongo, "Hapa kumepuliziwa dawa", si shauri zuri. Watu wakigundua kama unadanganya, siku umepulizia kweli kwa ajili ya wadudu na unangojea siku zilizoandikwa kwenye chupa mbele ya kuvuna, hakuna atakayekusadiki.

Waya wa umeme, shimo lenye vijiti vya ncha, misumari chini ya majani: tunakataa pia. Muteguo haujui uso. Unashika mwenyewe akienda kukojoa usiku, unashika mutoto anayefuata mupira.

Wengine wanatundika chupa, kitambaa chekundu ao mufupa. Hatutaingia katika imani ya mutu. Tunasema tu kile kinachofuata: siku mutu anagonjwa katika kijiji, chupa ile inaanza kutafuta jina, na mara mingi jina linaangukia mama muzee asiye na mutetezi. Bustani haipashwe kuleta kesi ya uchawi.

La mwisho na la nguvu zaidi: kupiga mwizi mupaka kufa. Tunajua hasira. Mutu aliyelima miezi mitatu na kukuta udongo mutupu ana haki ya kukasirika. Lakini Katiba ya 18 Februari 2006, katika kipengele cha 16, inasema mutu ni mutakatifu na serikali inapashwa kumulinda. Mwizi ni mutu. Aliyetupa jiwe la kwanza na aliyetupa la mwisho wote watajibu mbele ya tribinali, na jamaa mbili zitaharibika juu ya muhogo ambao musimu unaofuata ungeota tena.

Siku mwizi anakamatwa

Piga filimbi, ita nyumba kumi. Mwizi akikimbia, mwacheni akimbie. Mukimujua, kesho mutamukuta. Akibaki, mumukalishe, musimufunge kwa namna ya kumuumiza, musimupige. Andikeni mbele ya washahidi wawili: tarehe, saa, vitu gani, kiasi gani. Vitu vilivyoibiwa vihesabiwe pale pale.

Kama ni mwizi wa chungu, mara mingi chifu na wazee wanaweza kupatanisha: arudishe, aombe musamaha, afanye siku za kazi katika bustani, na karatasi iandikwe na kutiwa mukono.

Kama ni mwizi wa kiloba, mupelekeni kwa polisi pamoja na karatasi yenu. Kode penale ya 30 Januari 1940, katika kipengele cha 80, inaazibu wizi wa kawaida kwa kifungo kinachoweza kufika miaka 5. Kipengele cha 81 kinapandisha mupaka miaka 10 kama mwizi alivunja ao alipanda ukuta, ao kama aliiba usiku katika nyumba inayokaliwa ao sehemu zinazoitegemea. Lakini polisi haiwezi kumushikilia zaidi ya masaa 48 bila kumupeleka mbele ya hakimu. Ni Katiba, kipengele cha 18. Ndiyo maana karatasi yenu ni ya lazima. Kama faili ni tupu, anatoka, na watu wanasema "polisi wanawaachilia tu". Mara mingi ni sisi tulipeleka mutu bila kupeleka ushahidi.

Kama ni mutoto, sheria ya 10 Januari 2009 inamulinda. Wa chini ya miaka 14 hawezi kuhesabiwa kosa la azabu. Wa kati ya 14 na 18 anapita mbele ya tribinali ya watoto. Tafuteni wazazi wake, na mutafute pia kama kuna kitu cha kula nyumbani kwao.

Kazi ya mukutano unaokuja

Tunaomba kila koperative iweke maswali matatu kwenye ajenda. Musimu uliopita tuliibiwa nini, na ilikuwa wizi wa chungu ao wa kiloba? Ni nyumba ngapi karibu na bustani zetu hazina hata kitalu kimoja, na tunaweza kuwapa miche gani? Nani ataenda kuzungumuza na komite ya soko, na siku gani?

Andikeni majibu katika daftari, mutuonyeshe wakati tutapita. Vijiti vya lupango muanze kuvitafuta sasa: mvua ya mwezi wa 9 haingojee mutu.

Kazi njema, na kila mumoja avune alichopanda.